Toyo Mpya Kwenye Njia ya Dongobesh: Nani wa Kuaminiwa Kuhusu Uimara?

Kila baada ya mavuno, fedha za mahindi, maharage na vitunguu saumu zinapoanza kuzunguka, swali lile lile hurudi Dongobesh, wilayani Mbulu: anayetaka chombo cha kubebea mzigo anunue toyo ipi? Muuzaji wa mjini anataja nguvu za injini na dhamana ya miezi kadhaa. Dereva anayeshinda barabarani kati ya Mbulu na Haydom anataja chapa nyingine kabisa. Fundi aliyekaa chini ya mti na sanduku lake la spana anawacheka wote wawili. Kisha inaingia chapa mpya, rangi inang'aa, bei imepoa kidogo, na baada ya wiki sita watu wamekwisha kuihukumu: hii ni jembe, au hii ni bati tupu.

Wiki sita ni muda ambao chombo hakijaona hata masika moja.

Mkanganyiko huu unaanzia kwenye neno lenyewe. Mtu akisema toyo fulani ni imara, huenda anamaanisha kwamba haivunjiki ikigonga jiwe. Huenda anamaanisha kwamba inafanya kazi miaka mingi bila injini kufunguliwa. Au anamaanisha kwamba hata ikiharibika leo, kesho iko barabarani. Hizo ni sifa tatu, na mara nyingi zinagombana. Chesisi nene isiyovunjika huongeza uzito unaokula beringi na tairi. Injini iliyobanwa vizuri ili idumu huenda ikahitaji kifaa maalumu kuifungua. Wabishi wengi wa kijiweni wanabishana kuhusu vitu tofauti kwa neno moja.

Chombo na ukoo wake

Toyo ni pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mzigo nyuma. Dar es Salaam wengi huiita guta. Jina la toyo lilianza kama chapa ya biashara, likageuka la aina nzima, kama ilivyokuwa kwa bajaji. Na chini ya rangi na stika, injini nyingi za toyo za Kichina zina babu mmoja: Honda CG125 ya Japani, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1970. Honda iliibuni kwa kuzifikiria nchi ambako pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na oili humwagwa kwa kuchelewa. Mfumo wa cheni ya kuendeshea vali, uliotaka uangalizi wa mara kwa mara, uliachwa. Vikarudishwa vijiti vya kusukumia vali, teknolojia ya kizamani lakini yenye subira. Viwanda vya China viliichukua injini hiyo, vikaikuza kutoka sentimita za ujazo 125 hadi 150, 200 na zaidi.

Kwa hiyo anayeshindanisha chapa mbili za toyo mara nyingi anashindanisha ndugu wa tumbo moja. Tofauti iko kwenye ubora wa chuma, uangalifu wa kuchomelea, na aina ya beringi zilizofungwa kiwandani, yaani mambo yasiyoonekana dukani.

Mbele ya toyo ni pikipiki, lakini nyuma ni kigari: ina propela shafti, difu na springi za mabamba. Ni pikipiki iliyopewa kazi ya pikapu. Udhaifu wake mwingi unatoka hapo.

Ipo pia binamu yake tajiri, ambayo Mbulu na Hanang huonekana kwa nadra: kigari cha magurudumu manne cha kwenda porini, chenye viti viwili kando kwa kando na kibanda cha mabomba juu ya vichwa vya abiria. Kawasaki waliianza Mule yao mwaka 1988 kwa ajili ya kazi za shamba. Baadaye Polaris, Can-Am, Honda na Yamaha wakaingia, na aina kubwa za michezo huuzwa Marekani kwa maelfu mengi ya dola. Bei hiyo inaiweka mbali na mkulima wa Dongobesh. Lakini ubishi juu ya uimara wake umeandikwa sana, na una mengi ya kumfundisha mnunuzi wa toyo.

Mzigo, kasi na vumbi

Dongobesh, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu, iko kwenye njia itokayo Mbulu mjini kwenda Haydom, ilipo hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Ni nchi ya miinuko na mabonde. Bonde la ufa liko upande mmoja na Mlima Hanang, wenye mita zaidi ya 3,400, uko upande wa pili. Kiangazi njia huota mawimbi na vumbi jembamba. Masika, udongo mweusi wa mbugani hunata kama ugali uliokosa maji. Chombo hicho hicho hukutana na maadui wawili tofauti katika mwaka mmoja.

Adui wa kwanza kwa uzito, hata hivyo, hupakiwa na mwenye chombo mwenyewe. Wahandisi wa beringi wana kanuni ya tangu zamani: maisha ya beringi ya gololi hupungua kwa mchemraba wa mzigo. Chukua toyo iliyobuniwa kubeba kilo 500. Dereva anapakia magunia matano ya mahindi, anahesabu kilo mia kwa kila gunia, na dhamiri yake ni safi. Lakini kama magunia hayo ni lumbesa ya kilo 125, ile ambayo Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita, mzigo umefika kilo 625. Umezidi kwa robo tu. Kwa hesabu ya mchemraba, tukiuacha pembeni uzito wa toyo yenyewe, 1.25 mara tatu kwa yenyewe ni karibu 2: beringi iliyokuwa idumu miaka miwili itadumu kama mmoja. Mwenye toyo atailaumu China.

Viungo vilivyochomelewa vina tabia ya jinsi hiyo hiyo. Chuma hakingoji pigo moja kubwa. Huchoka kwa mapigo madogo yanayorudiwa mamilioni ya mara, ufa ukianzia pembeni mwa weldi na kutambaa. Mkazo ukiongezeka mara mbili, maisha ya weldi hushuka hadi kama moja ya nane. Barabara yenye mawimbi ni kiwanda cha mapigo hayo. Na kasi haina huruma: kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, nishati ya chombo huwa mara nne, ingawa dereva anaona amewahi kidogo tu.

Vumbi huua kimyakimya. Chembe za mchanga ni ngumu kiasi cha kukwangua chuma cha silinda, na zikipita kwenye chujio la hewa lililotoboka huisaga ringi na ukuta wa silinda pamoja. Moshi wa bluu unapotokea, kazi imeshakwisha. Tope nalo humaliza klachi: tairi zimezama, injini inalia, dereva anacheza na klachi ili ajinasue, sahani zinaungua.

Ukiyaweka haya pamoja, toyo mbili za chapa moja, zilizotoka dukani siku moja, zinaweza kuachana kabisa baada ya mwaka, moja ikiwa bado inanguruma na nyingine iko juu ya mawe. Anayeulizia uimara wa chapa bila kuuliza mzigo, njia na dereva ameuliza nusu ya swali.

Wanaoliamini jina

Kundi la kwanza linahukumu kwa chapa na nchi: Japani juu, India katikati, China chini. Imani hii haikutoka hewani. Miaka ya mwanzo ya bodaboda, pikipiki za Kichina kama SanLG na T-Better zilitapakaa kwa sababu ya bei. Baadaye Boxer na TVS za India zikachukua sehemu kubwa ya vijiwe, na madereva wenyewe ndio waliozichagua kwa mifuko yao. Maelfu ya watu wanapohama chapa kwa hiari, kuna ujumbe.

Ila jina lina upungufu wake. Linazungumzia yaliyopita. Kiwanda kinaweza kubadilisha mtengenezaji wa beringi mwaka huu na stika isibadilike. Tena jina ndilo linaloigwa: spea feki huvaa boksi la chapa yenye sifa, na Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata na kuteketeza bidhaa bandia za namna nyingi. Na kwa toyo hasa, ngazi ya Japani, India na China haina msaada mkubwa, kwani karibu zote zinatoka China. Kinachobaki ni kutofautisha viwanda ambavyo mnunuzi hajawahi kuvisikia.

Upo pia udanganyifu wa macho. Honda au Land Rover ya zamani ikipita bado inanguruma, watu husema vitu vya zamani vilikuwa imara. Zilizokufa hazipiti barabarani kutoa ushahidi wake.

Wanaoamini majaribio na mashindano

Kundi la pili linataka kuona chombo kikiteswa. Afrika Mashariki inaijua hoja hii kuliko wengi. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na viwanda vya Ulaya na Japani vilizigeuza uwanja wa kujipimia. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Miaka yote miwili ilishinda Peugeot 404, na sifa hiyo iliuza magari ya kampuni hiyo kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam kwa muda mrefu. Vigari vya viti viwili navyo vilipata kundi lao kwenye mashindano ya Dakar mwaka 2017, na matangazo hayaachi kulitaja hilo.

Mashindano hupima kutovunjika. Gari lililokatiza Afrika Mashariki kwa siku tano limethibitisha kwamba chesisi haipasuki na injini haichemki. Halikuthibitisha miaka mitano. Nyuma yake kulikuwa na mafundi, spea na matairi mapya kila kituo. Toyo ya Dongobesh ina dereva na waya wa kufungia.

Majaribio ya serikali ni jambo jingine. Shirika la Viwango, TBS, hukagua bidhaa dhidi ya viwango vilivyowekwa, na kituo cha CAMARTEC cha Arusha kina wajibu wa kisheria wa kuzifanyia majaribio zana za kilimo. Cheti cha namna hiyo huondoa kilicho kibovu wazi. Hakisemi difu itaanza kulia lini.

Wanaomwamini dereva

Dereva ana kile ambacho muuzaji hana: masaa. Anayeendesha kwa hesabu ya kila siku, au kwa mkataba wa kuja kumiliki chombo mwisho wa malipo, hupitisha kilomita nyingi kwa mwezi kuliko mkulima mwenye toyo yake nyumbani kwa mwaka. Ushahidi wake umeiva mapema. Anajua klachi inayoteleza mlimani na breki inayochelewa ikishuka na mzigo.

Tatizo la dereva ni masilahi na muda. Aliye kwenye mkataba ambao haujaisha anaiombea toyo uzima; aliyemaliza na anataka kuiuza ataapa kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Wengine hupima umri kwa herufi za namba ya usajili, kama ilivyo kwa magari ya namba D na namba E. Namba inasema chombo kilisajiliwa lini. Haisemi kimekwenda kilomita ngapi, na mita yenyewe mara nyingi waya wake umekatika.

Muda ndio mgumu zaidi. Vyombo vingi huharibika kwa nyakati tatu. Kuna hitilafu za mwanzoni, zinazotokana na makosa ya kiwandani: boliti isiyokazwa, weldi yenye tundu. Hufuata kipindi cha utulivu. Kisha uchakavu wenyewe unaingia, na mambo huharibika kwa mfululizo. Hukumu ya wiki sita inaangukia kipindi cha kwanza, hukumu ya miezi sita inaangukia cha pili, na zote mbili hazijui lolote kuhusu cha tatu. Ndiyo maana chapa ile ile inaweza kutukanwa Januari, kusifiwa Juni, na kutukanwa tena baada ya mwaka na nusu, na kila msemaji akawa mkweli.

Kuna mfano mkubwa kutoka Marekani. Mwezi Aprili 2016 kampuni ya Polaris iliagiza virudishwe vigari vyake takriban 133,000 vya RZR 900 na RZR 1000, vya matoleo ya 2013 hadi 2016, kwa sababu ya hatari ya kuwaka moto. Vilikuwa vimeuzwa kwa wingi na kusifiwa kwa miaka. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 27.25 kwa madai kwamba ilichelewa kuitaarifu serikali. Kama katika nchi yenye sheria kali na wanunuzi wanaoandika kila kitu kasoro ilichukua miaka mitatu kujulikana kwa ukubwa wake, wiki sita za kijiweni ni muda mfupi mno.

Wanaomwamini fundi, na yaliyotokea Hanang

Fundi ameona ndani ya vyombo. Anajua chapa ipi ina difu inayolia, ipi silinda yake inachongeka vizuri, ipi spea zake zinapatikana Mbulu na ipi hadi Arusha. Katika uimara wa maana ya tatu, wa kurudi barabarani haraka, hana mshindani.

Naye ana jicho lake lenye kengeza. Fundi huona wagonjwa tu. Chapa yenye vyombo mia kijijini itamletea wagonjwa wengi kuliko yenye vyombo vitano, hata kama ile ya mia ndiyo bora. Kisha fundi hupenda alichokizoea. Kigeni kinamtaka ajifunze upya. Kigari cha viti viwili, ambacho kwa chapa nyingi huendeshwa na mkanda wa mpira badala ya gia, angekihukumu kibovu siku mkanda unapoungua kwenye tope, ilhali kosa huenda ni la dereva aliyekokota mzigo mzito kwa mwendo wa konokono. Ni kweli pia kwamba mkanda huo haupatikani Dongobesh, kwa hiyo hukumu ya fundi, hata ikikosea sababu, humfaa mnunuzi.

Nguvu ya hoja ya fundi haihitaji kutafutwa mbali. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyanda za Basotu wilayani Hanang zililimwa ngano kwa mashine kubwa, chini ya shirika la NAFCO na kwa msaada wa Canada. Yalikuwa mashamba makubwa saba, kwenye ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichungia mifugo yao. Kesi za ardhi hiyo zilifika mahakamani, na hicho ni kisa kinachostahili makala yake. Kwa upande wa vyuma, matrekta na mashine za kuvunia hazikuwa dhaifu. Zilifanya kazi vizuri kwa muda ambao wataalamu, mafunzo na spea vilikuja pamoja na msaada. Msaada ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashine zile zile, kwenye udongo ule ule, zilianza kusimama moja baada ya nyingine. Chuma hakikubadilika. Kilichokatika ni mnyororo wa spea na fedha za kuzinunulia.

Mizani

Kwa mazingira ya Dongobesh, ushahidi wa fundi unabeba uzito mkubwa kuliko wa wengine, kwa sharti usisimame peke yake. Hapa chombo kitaharibika tu. Kinachomtofautisha mwenye hasara na mwenye faida ni siku za kusimama. Toyo inayokufa mara nne kwa mwaka na kupona siku hiyo hiyo inalipa kuliko inayokufa mara moja na kungoja difu wiki tatu wakati vitunguu vinaoza. Wanaouza uimara wa kutovunjika wanauza sifa ambayo mnunuzi wa hapa anaihitaji kidogo kuliko anavyodhani.

Dereva anafuata, lakini wa aina moja: aliyepitisha chombo masika mbili na mzigo wa kukodiwa, na ambaye hakiuzi. Aliyepitisha moja anaweza kusikilizwa kuhusu klachi na weldi, si kuhusu injini. Mbio na vyeti vinafaa kwa kukataa kilicho kibovu, havitoshi kuchagulia. Jina liwe la mwisho, isipokuwa pale linapomaanisha kwamba duka la Mbulu lina beringi, sahani za klachi na vipuri vya kabureta vya chombo hicho kwenye rafu leo.

Gharama ya msimamo huu ipo na isifichwe. Kila mtu akingoja masika mbili, hakuna atakayekuwa wa kwanza, na chapa mpya iliyo bora kweli itakosa wa kuithibitisha. Kuna pia anayeipoteza bei nafuu kwa kungoja. Mwenye toyo tatu anaweza kumudu kujaribu moja mpya. Mwenye akiba ya toyo moja, au mkopo wa kikundi, asiwe yeye wa kupimia.

Njia yenyewe nayo inaweza kubadilika. Juni 2023 serikali ilisaini mikataba ya barabara saba za lami, mojawapo ikiwa ya kilomita 389 kutoka Karatu kupitia Mbulu na Haydom hadi Maswa. Lami ikipita Dongobesh, mapigo ya mawimbi yatapungua na kasi itapanda. Swali la kwanza kuhusu toyo litakuwa breki, na ushahidi mwingi wa leo utakuwa umepitwa.

Kwa sasa, kinachokosekana zaidi ni kumbukumbu, na bei yake ni ya daftari la shule. Mafundi wa Dongobesh waandike kila chombo kinacholetwa, yaani tarehe, herufi za namba, kilichovunjika, mzigo wa mwisho na siku kilizokaa kikingoja spea, na kiongozi wa kijiwe aandike toyo za kila chapa zilizopo ili wagonjwa wahesabiwe dhidi ya wazima. Waanze vuli hii. Masika ya pili ikiisha, mnunuzi atakuwa na karatasi ya kusoma kabla ya kupanda basi kwenda kununua toyo Babati.